Barua ya Kuomba Uzamili si Ombi la Huruma

Ukiteremka kwenye taksi pale Bwera mjini ukaelekea upande wa mpaka wa Mpondwe, utapita vibanda kadhaa vya kuchapa na kunakili karatasi. Ukutani mwa kimojawapo pamebandikwa orodha ya huduma: picha za pasipoti, vyeti kutiwa plastiki, fomu za mtandaoni, na barua za aina zote. Miongoni mwa hizo aina zote imo barua ya kuomba kusoma shahada ya uzamili. Mteja hutaja jina lake, jina la chuo na jina la somo. Kijana wa kibandani hufungua faili ya zamani, hufuta jina la mteja wa jana, huandika la leo, kisha hupokea ujira wake. Kazi nzima haimalizi nusu saa.

Leo naandika kuipinga barua hiyo. Nampinga pia mwalimu aliyeizoesha jamii hata ikaonekana jambo la kawaida, na mwalimu huyo ni mimi.

Mimi nina stashahada ya ualimu. Sijawahi kuomba nafasi ya uzamili, wala kwa cheti nilicho nacho mlango huo haujanifungukia. Yamkini baadhi yenu mtasema kwamba nafundisha kuogelea ilhali sijaingia ziwani. Sibishi. Lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, watu wa kwetu huniletea barua zao nizisome, nizisahihishe, na mara nyingine niziandike mwenyewe. Kwa hiyo nimeziona nyingi, na kosa ninalolieleza hapa nimelitenda kwa mkono wangu.

Miaka michache iliyopita alinijia binti niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," kama nilivyomzoesha darasani, nami nikamwitikia. Alikuwa amekwisha kuhitimu shahada ya kwanza ya takwimu, daraja la pili la juu, katika chuo kikuu kimoja cha humu nchini. Sasa alitaka kuomba uzamili wa somo hilo hilo. Hati za matokeo alikuwa nazo. Wahadhiri wawili walikubali kumwandikia barua za mapendekezo. Kilichobaki ni maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, ambamo mwombaji hueleza kwa nini anataka kusoma na atasoma nini.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa hesabu," akaniambia. "Maneno nakuachia wewe."

Nikayachukua. Nilimpenda kama mwanangu, nami nilijivunia kuombwa. Usiku ule niliandika barua ndefu ya Kiingereza kilichonyooka. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni alivutiwa na namba. Ikaendelea kusema kwamba takwimu ni muhimu kwa maendeleo ya taifa. Ikamtaja mama yake mjane na shamba lake dogo la kahawa, kisha ikamalizia kwa unyenyekevu, ikisema kwamba akipewa nafasi hii atashukuru maisha yake yote. Nilipoisoma kwa sauti, machozi yalinilenga.

Hakupata nafasi. Hakuelezwa sababu. Sisemi kwamba barua yangu ndiyo iliyomkosesha, maana sina ushahidi, na mtu anayeandika juu ya takwimu hana ruhusa ya kuliona tukio moja akalitungia sababu aitakayo. Huenda waombaji walikuwa wengi kuliko viti. Lakini miezi kadhaa baadaye niliisoma tena barua ile, nikaijaribu kwa njia ambayo nawaomba nanyi muitumie. Niliondoa neno "takwimu" kila lilipotokea, nikatia neno "uuguzi". Barua haikutikisika. Nikatia "sheria", ikasimama vilevile. Kurasa zile hazikuwa na kitu chochote kilichomhusu mtakwimu, wala kilichomhusu binti yule peke yake. Nilikuwa nimefanya kazi ya kijana wa kibandani, tofauti ikiwa kwamba sikutoza.

Mbona tunaandika hivi? Jibu liko shuleni, na ninalijua kwa kuwa ndimi ninayelifundisha. Tukifika somo la barua rasmi, tunawafundisha wanafunzi anwani mbili, tarehe, mada, na kisha lugha ya kujishusha: mimi mtumishi wako mtiifu, naomba kwa heshima na taadhima, nitafurahi ombi langu likikubaliwa. Mwanafunzi akipanga anwani vizuri anapata alama. Akiomba kwa adabu anapata nyingine. Hakuna alama tuliyotenga kwa ajili ya kuwa na la kusema. Adabu ni njema, nami sitaki iondoke. Lakini kijana huyu akifika mlango wa chuo kikuu anakuta watu ambao hawaulizi kama ana adabu. Wanauliza: jambo gani hulijui, ambalo kulijua kwake kunahitaji miaka miwili ya kusoma? Yeye huwajibu kwa kupiga magoti.

Basi binti yule aliporudi kwangu mwaka uliofuata, nilikataa kushika kalamu. Nikamketisha barazani nikamwambia: "Weka Kiingereza kando. Nieleze kwa Kiswahili, na panapokushinda tumia Lukonzo. Kuna jambo gani limekukaa kichwani hata shahada yako haikulimaliza?"

Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kunisimulia habari za Mpondwe.

Wengi wetu tunaukumbuka mwezi wa Juni 2019. Ebola ilikuwa ikienea Kongo ya mashariki tangu Agosti 2018, na hatimaye ikawapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200. Tarehe 11 Juni serikali yetu ilithibitisha mgonjwa wa kwanza upande huu, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo na kulazwa hospitali ya Bwera. Pale mpakani tulipimwa joto na kunawa mikono kwa maji ya klorini, na waliopita lango waliandikwa. Lakini kila mkazi wa Bwera anajua kwamba lango si njia pekee. Zipo njia za mashambani na vivuko vya mto Lhubiriha, ambako ndugu humtembelea ndugu na mama huvuka na mzigo kichwani bila kuonana na afisa yeyote. Swali la binti yule lilikuwa hili: wale ambao hawakuandikwa mahali popote, tutajuaje walikuwa wangapi?

Nilimwambia haiwezekani kumhesabu usiyemwona. Akacheka, akanifundisha mimi mwalimu wake.

"Chukua samaki wa ziwani," akasema. "Unavua 100, unawatia alama, unawarudisha majini. Baada ya siku chache unavua tena, tuseme 80, na kati yao unakuta 8 wenye alama. Maana yake katika kila samaki 10 mmoja ana alama. Kama wenye alama wote ni 100, basi ziwani mna samaki wapatao 1,000, na hukuhitaji kuwaona wote."

Watu nao, akaeleza, huweza kukadiriwa hivyo bila kutiwa alama, ukiwa na orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya walioandikwa langoni, ya pili ni ya waliofika zahanati. Unatazama majina mangapi yamo katika zote mbili. Lakini hapo ndipo kanuni inapoharibika. Samaki hawalikimbii daftari, ilhali mtu hulikimbia. Anayelikwepa lango kwa hofu ya maafisa, aghalabu huikwepa na zahanati. Kwa hiyo orodha mbili zinafanana kuliko ambavyo zingefanana kwa bahati tu, na kadirio linatoka dogo kuliko ukweli. Serikali ikipanga dawa na wauguzi kwa kadirio hilo, itapungukiwa wakati ule ule wa hatari.

"Shahada ya kwanza ilinipa kanuni," akamalizia. "Haikunifundisha la kufanya kanuni inapovunjika. Hilo ndilo ninalotaka kulisomea."

Nikamwambia, "Binti yangu, hiyo ndiyo barua yako. Nenda ukaiandike."

Ndugu msomaji, tazama tofauti. Katika maneno yale hamna utotoni, hamna maendeleo ya taifa, hamna mama mjane. Jaribu kutia "uuguzi" au "sheria" mahali pa takwimu, utaona hayaingii. Jaribu kumwuzia mwombaji mwingine maelezo hayo kibandani, hayatamfaa, kwa kuwa yana Mpondwe ndani yake, na yana mtu aliyesimama katika foleni ya Mpondwe akiwaza.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba barua ya kununua ni njia ya maskini. Mtoto wa tajiri wa Kampala, wanasema, ana mjomba profesa wa kumsahihishia, ana shule iliyomlea kwa Kiingereza, na fedha za kumlipa mshauri. Mtoto wa Nyakiyumbu ana kibanda tu. Mbona umlaumu huyu ukamwacha yule? Hoja hii ina haki ndani yake. Barua aliyoandikiwa tajiri na mshauri ni ya uongo sawasawa na ya kibandani, ingawa karatasi yake ni nzuri zaidi. Lakini tazama kibanda kinamfanyia nini maskini. Mali aliyo nayo yeye, ambayo tajiri hana, ni kuyajua maisha ya mpakani kwa macho yake. Kibanda kinaifuta mali hiyo na kumpa sentensi walizo nazo wengine elfu. Analipa ili anyang'anywe. Siku hizi hata simu yenyewe huandika barua kwa programu za akili mnemba, haraka na kwa Kiingereza safi, na kasoro ni ile ile: programu haikuwapo Mpondwe. Ikusahihishie sarufi ukipenda, lakini swali haina budi kuwa lako.

Tena hili ni somo la takwimu, si somo lolote tu. Kazi ya mtakwimu ni kuiambia jamii ukweli ambao jamii haiwezi kuukagua yenyewe. Tunapoambiwa kwamba sensa ya Mei 2024 ilikuta watu milioni 45.9 nchini, hakuna hata mmoja wetu aliyewahesabu. Tunawaamini makarani waliopita na vishikwambi vyao, na wataalamu waliojumlisha. Mtu ambaye ukurasa wake wa kwanza katika taaluma hiyo ni maneno ya kununua amejizoesha kutia sahihi asichokijua. Kesho atapewa fomu za kaya 40, mvua itanyesha, naye atazijaza akiwa chini ya mwembe.

Hoja ya pili niliisikia katika kikao cha familia ya binti yule, nilikoalikwa kama mwalimu wake. Baba yake mdogo, mzee ninayemheshimu, alisema: "Mwalimu, takwimu haziliwi. Huyu ana shahada na hana kazi. Ada ya maombi, nauli ya Kampala, kunakili vyeti, hizo ni fedha za mbuzi wawili. Akinyimwa tena, nani atarudisha mbuzi wetu? Heri anunue pikipiki, ampe kijana aendeshe." Wazee wakatikisa vichwa kuafiki.

Mzee hakusema upuuzi. Kutoka Bwera hadi Kampala ni safari ya kutwa, ada ya maombi hairudishwi, na sitamdanganya mtu kwamba uzamili ni hati ya ajira. Anayewaahidi vijana kazi kwa kila cheti anawauzia upepo. Lakini nilimwomba mzee afikirie shaba.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ilichimbwa hapa, ikapakiwa katika mabehewa, ikaenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi uliposimama, tulibakiwa na mashimo na malundo ya mabaki ya madini kando ya mto Nyamwamba, mto uliofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hata hospitali ya Kilembe. Wazee wetu walichimba. Kujua shaba ile inageuzwaje kuwa kitu chenye thamani, walijua wengine.

Habari zetu nazo zinapita njia ya mabehewa yale. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, imekuwa ikishirikiana na Benki Kuu kupima biashara isiyo rasmi ya mipakani, na Mpondwe ni mojawapo ya vituo vyake. Karani hukaa kando ya njia, akaandika kinachopita na kukadiria uzito na bei yake. Hiyo ni kazi njema, nami siituhumu ofisi hiyo kwa lolote. Nasema tu kwamba soko la Mpondwe huwa Jumanne na Ijumaa, na kila mama wa Bwera anajua kwamba Jumatano si Ijumaa. Ukihesabu siku chache ukazidisha ili upate mwaka, umechagua siku zipi? Aliyezaliwa hapa angeliuliza swali hilo kabla ya kuketi kitini. Je, miongoni mwa wanaoketi mahali maswali hayo yanapoamuliwa, wa kwetu ni wangapi? Sensa ya 2014 ilikuta watu karibu 695,000 katika wilaya ya Kasese. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumelikabidhi kwa wengine walisome, nasi tunangoja kuambiwa.

Kuhesabu si jambo geni kwetu. Wakonzo tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukikutana na Masika unajua ni binti wa kwanza, ukikutana na Biira unajua ni wa pili, na Bwambale ni kijana wa pili. Mgeni akisikia jina tu, amekwisha kupata taarifa ya kaya. Watu wenye desturi hiyo hawawezi kusema takwimu ni mambo ya Wazungu au ya Kampala.

Wala elimu yenyewe haiko mbali. Kituo cha mafunzo ya takwimu cha Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Makerere ilipata taasisi yake ya takwimu na uchumi tumizi mwaka 1969, ambayo leo ni Shule ya Takwimu na Mipango. Kigali kipo kituo cha AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ambacho huwafadhili masomo wanafunzi wa uzamili kutoka nchi nyingi za bara hili. Milango ipo, na mingine haitaki mbuzi hata mmoja, ila inataka mtu aje na swali.

Wapo vijana watakaoniambia, "Mwalimu, mimi sina swali." Ninyi mnaoishi chini ya Rwenzori? Barafu ya milima hii ilikuwa zaidi ya kilomita 6 za mraba mwaka 1906, na ilipopimwa mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita 1. Wataalamu wakabishana: je, sababu ni joto kuongezeka, au ni hewa kukauka na mawingu kupungua? Barafu ni ile ile, nao wakatofautiana. Mtu anawezaje kuzitenganisha sababu mbili zinazotembea pamoja? Hilo ni swali la takwimu, na maji yake mnayanywa. Au muulize baba yako kuhusu bei ya kahawa ya Kyarumba. Wastani wa bei ya mwaka unamwambia nini mkulima aliyelazimika kuuza wiki moja tu, ile wiki ya ada ya shule?

Sasa niseme ninalotaka, maana mwenye kupinga bila kupendekeza huwa anapiga kelele tu.

Kwa walimu wenzangu wa lugha: tufundishe barua ya hoja kabla ya barua ya ombi. Kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza kidato cha nne, aandike ukurasa mmoja akieleza jambo la kijijini kwake asilolijua na namna ambavyo lingeweza kujulikana. Tuzipe alama fikra kabla ya anwani. Tena tuwape ruhusa ya kuanza kufikiri kwa Kiswahili na Lukonzo. Barua ya mwisho itakuwa ya Kiingereza, sawa, lakini wengi wetu tukianza kwa Kiingereza tunaandika yale tu tunayoyaweza katika Kiingereza, na tunayaacha yale tunayoyajua.

Kwa vyuo vikuu: semeni wazi mnatafuta nini katika maelezo ya mwombaji, na muwekeni mfano mahali anapoweza kuusoma mtu asiye na mjomba profesa. Anayenyimwa mpeni hata mstari mmoja wa sababu. Ada ya maombi mngeweza kuitoza baada ya mchujo wa kwanza, ili asiye na sifa asipoteze fedha na mwenye sifa asizuiwe na umaskini. Nanyi wahadhiri mnaoombwa barua za mapendekezo, andikeni mnachokijua. Mwanafunzi aliyefukuzia barua yenu miezi miwili, kisha mkamwambia aiandike mwenyewe mtie sahihi, mmemrudisha kibandani kwa mikono yenu.

Kwa wazee na madiwani wetu: tunachangia harusi na tunachangia matanga, na sisemi tuache. Lakini katika mikutano yote niliyohudhuria sijawahi kuona bahasha ikipita kwa ajili ya kijana anayeomba kusoma uzamili. Tuanze na mmoja tu kwa mwaka, wa somo lolote ambalo wilaya inalihitaji, na tumtake atuletee kwa maandishi swali lake kabla hatujampa shilingi. Akishindwa kutueleza sisi, hatawaeleza wao.

Na kwa wewe mwombaji: soma masharti ya chuo neno kwa neno. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya takwimu au somo lenye hisabati ya kutosha, kwa daraja lisilopungua la pili. Hakikisha hati zako za matokeo zimethibitishwa mapema, si juma la mwisho. Tafuta wadhamini waliokufundisha na wanaoweza kusema ulifanya nini katika utafiti wako. Barua ya mwenyekiti wa LC1 inathibitisha unapoishi tu, na ya mchungaji inathibitisha unaposali. Usiifiche alama mbaya. Ieleze kwa sentensi moja kisha uendelee. Usimtaje mama yako ili uhurumiwe. Mtaje ikiwa shamba lake limekufundisha jambo. Kisha, kabla hujatuma, ondoa neno "takwimu" utie "uuguzi". Barua ikisimama, irarue uanze upya.

Binti yule alimaliza barua yake baada ya wiki tatu. Ilikuwa na makosa mawili ya Kiingereza, nikamwonyesha, akayarekebisha mwenyewe. Fedha za ada tulizipata kwa shida: mama yake aliuza sehemu ya kahawa kabla haijakauka vizuri, kwa bei ya hasara, nami nikaongeza kidogo. Yule baba mdogo hakuja siku hiyo, lakini jioni alimtuma mtoto na noti moja iliyokunjwa ndani ya karatasi, na ujumbe kwamba asiambiwe mtu. Hadi ninapoandika haya, jibu halijaja.

Huenda likawa la kukataa. Likiwa hivyo, safari hii watakuwa wamemkataa yeye mwenyewe, na swali lake atabaki nalo, apeleke mlango mwingine. Nami nawaomba ninyi mnaosoma, hasa walimu, mjibu jambo moja kabla ya kufungua muhula: kati ya barua mlizowaandikia vijana wetu kwa mapenzi, ni ngapi zilizowaacha waseme wenyewe?